Kigae Hakifumuliwi

"Hivi jirani yangu, hilo bafu lako lina ukubwa gani hata vigae vyake haviishi?"

Swali hilo aliliuliza jirani wa ukuta wa pili, asubuhi moja akianika nguo. Kibanio kilikuwa mdomoni mwake, kwa hiyo kila neno lilitoka limebanwa, lakini lilisikika hadi nyumba ya tatu. Mama Vipimo alikuwa anamwaga maji ya kufulia. Alinyoosha mgongo, akajibu huku akitabasamu:

"Bafu ni dogo, jirani. Ila fundi wake hana haraka."

Angejibu tu kwamba wiki ijayo kazi inaisha, maneno yangebaki pale pale kwenye kamba ya nguo. Lakini jirani aliliona lile tabasamu, akalibeba kama mtu aliyebeba yai, akalifikisha kila mlango bila kulivunja. Mwezi haujaisha, likamfikia Shemeji.

Mama Vipimo alikuwa mshonaji. Jina hilo alipewa na wateja wake, kwa sababu mtu akiingia tu dukani kwake, kabla hata ya salamu, jicho lake lilikuwa limeshampima kiuno na mabega. Mumewe alikuwa amefariki miaka saba iliyopita. Hawakujaliwa mtoto. Watu walidhani baada ya msiba mama mkwe wake atahamia kwa mwanawe mwingine, ambaye ndiye huyo Shemeji, mtu wa ofisi mwenye gari na nyumba ya ghorofa. Bibi yule, ambaye wote walimwita Mama tu, hakuhama. Alisema, "Mimi nimeshazoea mlio wa cherehani. Bila huo sipati usingizi wa mchana." Wakabaki wawili, wajane wawili katika nyumba moja, wakisali pamoja, wakila pamoja, wakigombana juu ya chumvi.

Na fundi asiye na haraka? Yule waliyemwita Taratibu. Mwanaume mrefu, mpole wa sauti, aliyechelewa kuoa kwa sababu miaka yake ya ujana aliitumia kumuuguza mama yake mpaka alipomzika. Alikuja kuweka vigae bafuni kwa siku nne, akakaa siku tisa. Siku ya mwisho alisimama mlangoni pa bafu, akatazama ukuta, akasema, "Hapa pembeni ya choo pangefaa bomba la kushikilia. Kwa ajili ya Mama."

Mama Vipimo alimjibu kwa kiburi kidogo: "Mama bado ana nguvu zake."

Jibu hilo lilikuja kumchoma. Jumapili moja, Mama akijiandaa kwenda kusali, aliteleza bafuni. Mungu alimnusuru. Alidaka bomba la maji, akaumia kiwiko tu. Lakini Jumatatu saa nne asubuhi gari la Shemeji lilikuwa mlangoni.

*

"Shemeji, nimevumilia mengi," alianza, hata kiti hajakikalia vizuri. "Kaka yangu amelala miaka saba, na mimi sijaingilia nyumba yake."

"Nyumba yetu," Mama Vipimo alisema. "Matofali yake nimeyashonea sare za shule mbili."

"Nyumba yenu, haya. Lakini mama ni wangu."

"Ni wetu."

Sauti ya Mama ikatoka chumbani: "Mnanigawana kama kitambaa, na mwenyewe nipo hapa!"

Shemeji aliteremsha sauti. "Nyumba isiyo na mwanaume ndiyo hii. Mtu anateleza, hana hata cha kushika. Halafu mwanaume anayeonekana humu ni yule wa vigae, ambaye mji mzima unahesabu siku alizoingia. Sasa sikiliza. Jumamosi nakuja na gari. Nikikuta hakuna cha kushika bafuni, naondoka na Mama. Nikisikia yule fundi ametia mguu humu ndani, naondoka na Mama vilevile."

"Basi ulifunge wewe, Shemeji. Bomba nitanunua mimi."

Shemeji akaitazama mikono yake, mikono laini iliyozoea mihuri. "Mimi ni mtu wa ofisi."

"Nimwite fundi mwingine?"

"Mwite. Watu watasema wamebadilishana zamu."

Neno hilo lilimpata Mama Vipimo mahali ambapo hakuwa na kinga. Alihisi uso unamwaka. Miaka saba alikuwa amejitunza, hakuna mlango aliotoka akaona haya kuurudia. Akainuka, akajifunga kitambaa chake kichwani upya, polepole, ili mikono iwe na kazi wakati moyo unatulia.

"Sitamwita yeyote. Nitatoboa mwenyewe."

Shemeji alicheka mpaka kofia yake ya pama ikamtoka kichwani. "Wewe? Vigae? Shemeji, hilo si pindo la sketi! Haya, toboa. Siku hilo bomba lako litakaponibeba mimi, na kilo zangu hizi, mimi sitakuwa na neno tena katika nyumba hii."

"Mama amesikia," Mama Vipimo alisema.

"Nimesikia!" sauti ikajibu kutoka chumbani.

*

Jumanne mchana Taratibu alipita dukani. Duka lilikuwa wazi mbele, linatazamana na barabara, na Mama Vipimo alimkalisha kwenye benchi la wateja ambapo kila mpita njia angemwona. Alimweleza yote bila kupunguza. Fundi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Swali lake mwenyewe, lile alilomuuliza wiki tatu zilizopita palepale kwenye benchi, kama atakubali kuwa mkewe, lilikuwa bado halijajibiwa. Hakuligusa.

"Kesho nitakuletea drili yangu ya betri," alisema. "Na vipande vya vigae vilivyobaki. Utajifunzia hapahapa."

Kesho yake mezani, palipozoea vitambaa, palikuwa na kigae juu ya mfuko wa mchanga.

"Kigae kina ngozi na kina nyama," Fundi alimweleza. "Hii inayong'aa ndiyo ngozi. Ni ngumu na inateleza. Ukishaipita, nyama yake ni laini. Wageni wa kazi hukosea hapo juu, wanaingia kwa nguvu."

Akamwonyesha kubandika selotepu ya karatasi kwa msalaba, ili ncha isiteleze. Akamwonyesha biti ya kigae, iliyochongoka kama mkuki mdogo. Akamwonyesha kile kitufe chenye picha ya nyundo, akamwambia asikiguse kabisa mpaka awe amepita kigae na kufika kwenye tofali.

"Na nguvu niweke kiasi gani?"

"Ukishona, kitambaa unakisukuma?"

"Kitambaa hakisukumwi. Unakiegemeza tu, cherehani inavuta yenyewe."

"Basi unajua tayari."

Kigae cha kwanza kilipasuka katikati. Mpita njia mmoja akapiga mluzi, "Mama Vipimo, siku hizi unashona vyungu?" Aliweka kingine. Kigae cha pili kilianza kulia, kikalia, halafu ncha ikazama. Alipoinua drili, palikuwa na tundu la mviringo, safi, ukingo wake haujamomonyoka hata chembe. Aliinua macho akamkuta Fundi hatazami kigae. Anamtazama yeye.

"Mikono yako inasikia," Fundi alisema kwa sauti ndogo.

Mama Vipimo aliyashusha macho yake, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo.

*

Alhamisi alifunga duka mapema. Alisali kwanza. Halafu akafanya alichokifanya maisha yake yote kabla ya kugusa mkasi: alifungua daftari la vipimo.

Daftari hilo lilikuwa na kila mtu. Alipekua mpaka akafika kwa Mama, kipimo cha sketi, kiuno hadi sakafuni. Bomba lilitakiwa kuwa usawa wa nyonga yake, mahali mkono unaposhuka kidogo. Akatoa urefu wa kiuno hadi nyonga, akapima ukutani kwa futi yake ya kushonea, akaweka alama kwa penseli juu ya selotepu. Akalowesha kigae maji, biti isipate moto. Akaegemeza. Kigae kikalia kidogo, kikanyamaza, biti ikazama.

Hakuamini. Alilisogelea lile tundu kama mtu anayesoma barua. Lilikuwa zuri kama tundu la kifungo cha shati la harusi. Alisimama katikati ya bafu, vumbi jeupe kwenye kope, akacheka peke yake kwa sauti.

"Mama! Njoo uone! Njoo uone mkweo!"

Mama alikuja na mkongojo wake. Alilitazama tundu, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. "Wewe ndiye umefanya hivi?"

"Mimi na hii mikono. Hebu weka mkono, Mama, kama unayetaka kuinuka."

Mama akakaa kwenye choo, akanyoosha mkono kutafuta pale bomba litakapokuwa. Mkono ukapanda. Ukapanda tena, ukafika karibu na kifua, kiwiko kikining'inia hewani kama cha mtoto anayefikia kabati.

Palikuwa juu mno. Palizidi kwa upana mzima wa kiganja.

Mama Vipimo alipima tena ukuta. Ukuta ulikuwa sawasawa na daftari. Akabaki amepiga magoti na futi mkononi, hajui kosa liko wapi, mpaka Mama aliposhika pindo la gauni lake, akaligeuza nje. Pindo lilikuwa limekunjwa mara mbili, limeshonwa kwa sindano ya mkono, mishono mirefu ya mtu asiyeona vizuri.

"Nimekuwa nikilikunja mwenyewe," Mama alisema. "Kila mwaka kidogo. Wewe ukiwa dukani."

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Ningekuambia nini? Kwamba napungua?" Akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Nilijua ukinipima utahuzunika. Nikasema, acha daftari libaki lilivyo."

Mama Vipimo alimkumbatia miguu, palepale sakafuni. Watu wote wa mtaa alikuwa akiwapima kwa jicho. Huyu wa nyumbani, aliyekuwa akimtazama kila siku, alimpima kwa kitabu cha miaka kumi na mmoja iliyopita.

"Simama, Mama," alisema akijifuta uso. "Simama wima, nikupime upya."

*

"Nguo ukikosea unafumua," Taratibu alimwambia Ijumaa asubuhi dukani. "Kigae hakifumuliwi."

"Najua hakifumuliwi! Nimekuambia ili unipe njia, si unipe msemo."

"Njia ipo. Nije mwenyewe. Dakika kumi tu namaliza."

"Dakika kumi zako zitanigharimu mama yangu."

"Nani atajua?"

Cherehani ilinyamaza. Mama Vipimo alimtazama kwa jicho ambalo Fundi hakuwa amewahi kuliona.

"Mimi nitajua. Na Mungu atajua. Wewe unataka kunioa, halafu mwanzo wake uwe kuingia kwa kujificha?"

Fundi alivua kofia yake. Aliigeuza mikononi muda mrefu. "Nimekosea," alisema. "Nisamehe. Nilitaka tu usihangaike."

"Nataka kuhangaika. Huelewi? Nikikuacha ufunge lile bomba, kesho watasema nimekukubali kwa sababu nyumba ilikuwa inanishinda. Na labda hata mimi usiku mmoja nitajiuliza kama si kweli." Akashika kitambaa, akakiachia. "Nikimaliza, nitakujibu lile swali lako."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa nitakujibu pia. Ila jibu la mtu aliyeshindwa usiliamini."

Fundi akafikiri. Halafu uso wake ukachangamka taratibu, kama kila kitu chake. "Ile njia ya miguu iliyo nyuma ya nyumba yenu, ni ya shemeji yako?"

"Njia ni ya watu wote."

"Dirisha la bafu linatazama huko. Sitaingia. Wala sitaona. Nitasikiliza tu."

*

Saa kumi jioni Mama Vipimo alikuwa amepiga magoti mbele ya ukuta, alama sita za penseli mbele yake, tatu kwa kila kichwa cha bomba. Mama alikaa mlangoni kwenye kigoda, mkongojo mapajani, kama askari wa zamu. Nje, chini ya kidirisha chenye vioo vya kupanga, mtu alikohoa.

"Nipo."

"Naanza."

Drili ikalia. Ililia kwa ukali, halafu sauti ya nje ikasema, "Umeegemea sana. Rudisha mkono." Akarudisha. Kilio kikalainika. "Hapo. Kaa hapohapo. Mwagia maji." Akamwagia. "Endelea... endelea... basi! Umeshapita ngozi."

"Umejuaje?"

"Ilikuwa inalia, sasa inanong'ona."

Mama kwenye kigoda akainua nyusi. Mama Vipimo akajifanya hakuziona.

Tundu la pili likapita. La tatu likapita. Kwenye la nne ikasikika sauti nyingine huko nje, na wote watatu waliijua.

"Fundi! Mbona umesimama hapo kama nguzo? Unangoja nini?"

"Nasikiliza, jirani."

"Unasikiliza nini?"

"Kazi."

"Kazi ya nani?"

"Ya mwenye nyumba."

Jirani naye akatega sikio. Drili ikalia ndani, wazi, na yeye mwenyewe akamwona fundi yuko nje mikono mitupu. "Ama kweli!" akasema, na viatu vyake vikasikika vikiondoka haraka, vikipeleka habari.

"Huyo keshakwenda kutangaza," Mama alisema.

"Na atangaze," Mama Vipimo alijibu. "Leo nina habari nzuri ya kutangazwa."

Tundu la sita lilipoisha, jasho lilikuwa limemchora mistari kwenye vumbi la mashavu. Aliingiza plagi za plastiki za kushikia skrubu moja moja, akizigonga kwa kiganja. Akaweka pimamaji, kile kitone cha hewa kikakaa katikati kikatulia. Akakaza skrubu kwa bisibisi mpaka vidole vikamwasha. Halafu akashika bomba kwa mikono miwili, akaning'inia kwa uzito wake wote.

Halikutikisika.

Alisimama, na kwa mara ya kwanza tangu azikwe mumewe alijiona mrefu katika nyumba hii. Hakujiona mjane wa fulani, wala shemeji wa fulani. Alijiona mwenye nyumba.

"Limekaa?" sauti iliuliza nje, na safari hii haikuwa sauti ya fundi. Ilikuwa sauti ya mtu mwenye hofu.

"Limekaa."

Mama Vipimo alikisogelea kidirisha. Kupitia nafasi ya kioo na kioo aliona kipande tu cha mtu: bega, na sikio moja.

"Fundi."

"Naam."

"Jumapili uje. Mchana, watu wakiona. Upite mlango wa mbele."

Sikio likageuka, likawa jicho. "Nije na vifaa?"

"Uje mikono mitupu. Hakuna cha kutengeneza."

Jicho likapepesa. "Nivae shati gani?"

"Lile la bluu. Linakupwaya mabegani, lakini nitakupunguzia."

"Umenipima lini wewe?"

"Siku ya kwanza ulipoingia na ndoo zako."

Fundi alicheka, cheko la chini lililoingia kwa kidirisha na kujaa bafu zima. Halafu nyayo zake zikaondoka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, mtu yule alisikika akienda kwa haraka.

Mama Vipimo aligeuka. Alikuwa amesahau kigoda cha mlangoni.

"Mimi ni mzee," Mama alisema. "Si kiziwi."

"Mama, nilikuwa nataka kukuambia..."

"Utaniambia nini ambacho sijakisikia? Nilidhani mapenzi ya siku hizi ni simu. Kumbe na drili." Akainuka, akashika bomba, akajivuta. Akakaa, akainuka tena. Alikuwa kama mtoto aliyepewa bembea. "Mwanangu nilimpenda, Mungu amrehemu. Na huyu nampenda kwa jambo moja. Ameambiwa asimame nje, akasimama nje."

Lilibaki lile tundu la Alhamisi, juu ya kichwa cha kushoto cha bomba, likitazama kama jicho. Mama Vipimo alikuwa analionea haya. Alitaka kulifukia kwa saruji nyeupe.

"Usilifukie," Mama alisema. "Weka ndoana. Mkongojo wangu utakuwa unaning'inia wapi?"

*

Jumamosi gari lilifika. Shemeji hakusubiri kukaribishwa, alikwenda moja kwa moja bafuni, Mama na Mama Vipimo wakimfuata. Mlangoni alisita. Bomba lilikuwa linang'aa, limenyooka.

"Hili ndilo?"

"Ndilo, Shemeji. Karibu ulijaribu."

Alivua kofia yake ya pama, akatafuta pa kuiweka, akaitundika kwenye ndoana bila hata kuitazama. Akakunja mikono ya shati. Akashika bomba. Akavuta kwanza kwa heshima, halafu kwa hasira, halafu akainua miguu yote miwili, uso ukamvimba, kilo zake zote zikining'inia kwenye skrubu sita.

Ukuta haukutoa hata mlio.

Aliteremsha miguu, akapangusa viganja. "Kazi nzuri," alisema, kisha macho yake yakawa madogo. "Nzuri mno. Hii ni kazi ya fundi. Matundu sita yamenyooka hivi ni ya mtu aliyekaa kazini miaka ishirini. Nilisema asiingie!"

"Hakuingia. Alisimama nje kwenye njia akasikiliza drili. Muulize jirani, alimkuta hapo. Hatakunyima habari."

"Jirani angeweza kuona ndani? Shemeji, mimi si mtoto. Mwanamke wa sindano hawezi kutoboa hivi mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza sikuweza," Mama Vipimo alisema. "Hebu niambie, Shemeji. Kofia yako umeitundika wapi?"

Shemeji akageuka. Kofia ilikuwa inaning'inia kwenye ndoana ndogo ya chuma, mahali ambapo mtu mwenye akili zake hawezi kuweka ndoana, chini kiasi cha nyonga, juu tu ya kichwa cha kushoto cha bomba.

"Hilo ndilo tundu langu la kwanza," Mama Vipimo aliendelea. "Fundi hawezi kukosea hapo. Fundi angempima mtu. Mimi nilipima daftari langu, kipimo cha Mama cha miaka kumi na mmoja. Nikatoboa juu kwa kiganja kizima. Jana nilikuwa nalionea haya. Leo silionei tena. Hilo tundu ndilo sahihi yangu."

"Kipimo cha..." Shemeji alianza, hakuelewa.

Mama alisogea. Aliligeuza pindo la gauni, akamwonyesha mwanawe ile mishono mirefu, kunjo juu ya kunjo.

"Nimepungua hivi," alisema. "Yeye alikosea, akaliona kosa, akanipima upya siku ileile. Wewe mwanangu, unanijia kila mwezi na maziwa ya kopo. Ulikuwa umeona?"

Shemeji alilitazama lile pindo. Akamtazama mama yake kutoka kichwani mpaka miguuni, na ungedhani ndiyo kwanza anamwona.

"Nakaa hapa," Mama alisema, akishika bomba. "Na nina cha kushika."

"Na nikuambie mwenyewe, usije ukalisikia kwa watu," Mama Vipimo alisema. Alisimama wima, mikono yake yenye malengelenge ameiacha wazi mbele yake. "Kesho mchana yule fundi atakuja, kwa mlango wa mbele. Anakuja kuniposa, na mimi nitamkubali. Haji kutengeneza kitu. Kila kitu humu kimeshatengenezwa. Ukipenda kuwepo, kiti chako kipo, wewe ni ndugu wa nyumba hii. Kama una neno, liseme sasa, Mama akisikia."

Shemeji alifungua mdomo. Mama akamkazia macho, na papo hapo Shemeji akaikumbuka mwenyewe ile asubuhi ya Jumatatu, kicheko chake, na maneno aliyoyasema kofia ikiwa chini.

Akaufunga mdomo. Akanyoosha mkono, akaitoa kofia yake kwenye ndoana, taratibu, akiangalia isiguse ukuta. Akainama, akambusu mama yake mkono. Akatoka.